Kartoni ya Thomson ku barza: historia fupi ya kuyeyusha vitu vya frigo



Mu ukurasa wetu huu tumezoea kuandika juu ya Msiri, juu ya Union Minière, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941 hapa kwetu. Leo mimi naandika juu ya kuyeyusha samaki. Najua kuna wenye watacheka. Mucheke kwanza, halafu musome, juu hii jambo ilibakia kidogo ivunje ndoa ya yaya wangu, na kosa ilikuwa yangu mimi mwenyewe, licencié wa historia, mutu mwenye kujisifu kwamba anajua kuuliza maswali.

Ilikuwa mwezi wa kumi, ile joto ya Lubumbashi mbele mvua haijaanza vizuri. Nilikuwa nimemaliza masomo, na jamaa waliamua kufanya karamu kidogo siku ya Posho, ku nyumba. Yaya alileta kartoni ya Thomson kutoka chumba cha baridi cha muuzaji, Ijumaa saa kumi na moja ya jioni. Kwa wenye kusoma mbali na Kongo: Thomson ni ile samaki ya bahari ambayo Kinshasa wanaita mpiodi, inavuliwa sana upande wa Namibia, inagandishwa, inapita Zambia mu malori na kuingia kwetu ku Kasumbalesa. Ile kartoni ilikuwa ngumu sawa tofali. Moto ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Mama aliniambia: "We ndjo mwenye karamu, angalia namna ya kuyeyusha, kesho asubuhi shemeji yako atakuja kukaanga." Shemeji, maana yake muchumba wa yaya. Nusu ya mahari ilikuwa imeshatolewa, ndoa ilipangwa mwisho wa mwaka.

Nilifanya yale kila mutu anafanya. Nilipasua kartoni, nikaweka tofali lile mu beseni, nikafunika na kitambaa, nikaliacha ku barza usiku muzima. Saa kumi na mbili ya asubuhi nikaangalia: samaki za nje zimelegea, za katikati bado barafu tupu. Muda ulikuwa unakimbia. Nikamimina maji ya moto, nikasukuma beseni ku jua. Saa nne hivi shemeji alifika, akakuta samaki zimeyeyuka zote, akasafisha, akatia chumvi na limau, akakaanga vizuri kabisa. Saa nane tukakula na bukari na sombe.

Haikupita nusu saa. Mama mukubwa alisema kichwa kinamugonga. Uso wake ulikuwa mwekundu, shingo imejaa mabaka, anajikuna. Kisha baba mudogo. Kisha wageni wengine, mpaka wakafika tisa. Mmoja alikuwa anasema samaki ilikuwa na ukali wa pilipili mu mdomo, na pilipili hatukutia. Na watu wengine zaidi ya 20, wenye walikula mu sahani zilezile, hawakuwa na kitu. Munajua bandugu kilichofuata. Mu mji huu, kama watu tisa wanaanguka ku karamu na wengine hapana, hakuna mutu anatafuta kemia. Sauti moja ilitoka nyuma: "Nani alipika ii samaki?" Na nyingine ikajibu: "Ule mutoto wa kuolewa. Alitia nini mule?"

Ku kituo cha afya muganga aliangalia wagonjwa, akauliza walikula nini, akawapa vidonge vya kupunguza mzio. Alisema si sumu ya mutu, ni samaki za jamii ile zikikaa mu joto. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mutu alikuwa ameuliza: "Nani aliyeyusha?" Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilijibu: "Sijui, dokta."

Asubuhi yake wagonjwa wote walikuwa wamepona. Lakini habari haikupona. Siku ya Pili jioni wakubwa wakaitana juu ya kuzungumza kama mahari irudishwe.

Mimi, siku zile tatu, badala ya kusema, nilikimbilia mu vitabu. Hiyo ni ugonjwa wa wasomi. Niwaambie nilikuta nini, kisha nitarudi ku kikao cha wakubwa.

Mutu wa kwanza nilikutana naye ni Joseph Black, mwalimu wa Glasgow ku Scotland. Kuelekea mwaka 1761 alichukua chupa mbili sawasawa. Mu moja aliweka barafu, mu nyingine maji baridi yaliyokuwa karibu kuganda. Akazitundika mu chumba kikubwa chenye hewa tulivu, akangojea. Maji yalipanda digri chache mu nusu saa. Barafu, kwa kufika ku joto lilelile, ilichukua masaa 10 na nusu. Black aliona kwamba barafu inameza joto nyingi sana bila kuonyesha alama yoyote ku kipimo. Kwa hesabu ya leo: joto yenye inatosha kuyeyusha tu kilo moja ya barafu, ingeweza kupandisha kilo moja ya maji kutoka digri 0 mpaka karibu 80.

Masaa 10 na nusu, mu chumba, mu hewa! Nilisoma ile nikahesabu na vidole: kutoka saa kumi na moja ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi ni masaa 13. Nilirudilia jaribio la Black ku barza yetu bila kujua, tena na samaki.

Kuna na jambo lingine lenye linafanya kuyeyusha kukawie kuliko kugandisha. Barafu inapitisha joto karibu mara nne kuliko maji yenye kutulia. Ukigandisha nyama, ngozi ya nje inageuka barafu na inasaidia baridi kuingia. Ukiyeyusha, ngozi ya nje inageuka maji, na inakuwa sawa blanketi: inazuia joto kufika katikati. Ndjo maana samaki za nje za kartoni zinakaa masaa mengi mu joto ya barza, wakati zile za ndani zinalala bado Namibia.

Sasa, historia ya kugandisha imeandikwa sana. John Aubrey anasimulia kwamba Francis Bacon, yule mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1626 alijaza kuku theluji tumboni kuona kama haitaoza, akashikwa na baridi, akakufa. Kama ni kweli yote ama hapana, ni hadithi nzuri. Mwaka 1876 Mfaransa Charles Tellier alituma meli yake Le Frigorifique kutoka Rouen mpaka Buenos Aires na nyama iliyowekwa mu baridi ya karibu digri 0. Yeye mwenyewe alikufa masikini ku Paris mwaka 1913. Nyuma yake meli Paraguay ilileta Ufaransa, mwaka 1878, nyama ya kondoo iliyogandishwa kabisa, na ingawa safari ilichelewa miezi kwa sababu ya ajali, nyama ilifika nzima.

Yenye ninaipenda zaidi ni ya meli Dunedin. Ilitoka New Zealand tarehe 15 Februari 1882 na karibu mizoga 5,000, ikafika London nyuma ya siku 98. Mzoga mmoja tu ndjo ulitupwa. Njiani kapiteni Whitson aliona hewa ya baridi haizunguki vizuri, akaingia mwenyewe mu bomba ya hewa kutoboa tundu, akagandishwa karibu kufa, mabaharia wakamuvuta na kamba ku miguu. Mutu alitaka kufa juu ya kondoo wa watu wengine!

Lakini muangalie: yote hii ni juu ya kwenda. Juu ya kurudi, maana yake kutoka barafu kuwa nyama tena, hakuna kapiteni, hakuna sanamu, hakuna tarehe. Na shida ilikuwepo tangu siku zile. Nyama ya zamani iligandishwa polepole, na maji yenye iko ndani ya nyama yakaganda kwa vipande vikubwa vyenye kupasua nyama. Ikiyeyuka, inalia: maji mekundu yanatoka, nyama inabaki kavu na rangi mbaya. Wanunuzi wa Uingereza waliilipa bei ya chini, wenye pesa wakapenda nyama ya Argentina iliyopozwa tu bila kuganda. Mu vita ya 1914-1918 askari wa Ufaransa walikula sana nyama ya barafu, na waliiita kwa dharau "frigo". Ile neno tunaita leo sanduku la jikoni kwa heshima, ilianza kama jina la nyama isiyopendwa.

Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani Clarence Birdseye. Kati ya 1912 na 1915 alikaa Labrador, akaona Wainuit wanavua samaki mu baridi ya kutisha, samaki inaganda palepale ikitoka mu maji, na nyuma ya miezi, ikiyeyushwa, inakuwa sawa ya leo. Aliwaza: siri ni kugandisha mbio, ili barafu ibakie ya punje ndogo. Akatengeneza mashini, na mwaka 1930 vyakula vyake vikaanza kuuzwa mu maduka ya Springfield, Massachusetts. Na Wainuit wenye walimufundisha, hamuwaoni ku pakiti.

Na sisi huku Katanga? Hapa ndjo nilikaa muda mrefu zaidi, juu ndjo kwetu. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910. Mji wa wachimbaji ulihitaji nyama, na mbung'o ilizuia ufugaji fashi nyingi, kwa hiyo ng'ombe waliletwa kutoka Rhodesia wakiwa wazima. Mutu anachinja, anauza, inapikwa siku ileile. Samaki ilitoka Luapula na Mweru: nyingi ikaushwe ao ichomwe na moshi, na ile mbichi Wagiriki wa Kasenga waliipakia mu malori juu ya barafu mpaka mjini. Muone tofauti: samaki ya Kasenga ilikuwa ndani ya barafu, lakini barafu haikuwa ndani ya samaki. Ukiifikisha ku nyumba, unaosha, unapika. Hakuna kuyeyusha.

Mababu zetu walikuwa na elimu nzima ya samaki. Waliitambua kwa macho, kwa matamvua, kwa kidole. Walijua siku ngapi ya jua, kuni gani ya moshi, chumvi ngapi. Nyanya yangu alikuwa anaonja makayabu na ncha ya ulimi na kukuambia iloweshwe mara ngapi. Ile elimu ilipita kutoka mama kwenda binti. Kisha ikaja tofali la barafu kutoka bahari, ikaja bei rahisi, ikaingia mu kila nyumba, bila mwalimu. Muuzaji anakupa kartoni. Hakuna nyanya wa kartoni. Hata neno letu halikuwepo, tunasema "kudekonjele" sawa Wafaransa. Kila nyumba ikajitungia desturi yake: beseni ku barza usiku, beseni ku jua, maji ya moto. Na kwa sababu mara nyingi haileti shida, tukafikiri ni sawa.

Mbona mara nyingi haileti shida, na kwetu ikaleta? Barafu haiui vijidudu vyote, inavilaza tu. Mu joto vinaamka, na vikipata joto nzuri kuna vyenye vinajizidisha mara mbili kila dakika 20: kimoja kinakuwa 8 mu saa moja, mu masaa manne vinakuwa 4,096. Kupika kunaua vijidudu. Ndjo tunajitegemea pale. Lakini mu samaki za jamii ya Thomson, makarele na sardini, vijidudu vingine vinafanya kazi nyingine: vinageuza kitu chenye iko mu nyama ya samaki kuwa histamini. Na histamini haiogopi mafuta ya kukaanga, haiogopi limau, hairudi nyuma ukiirudisha mu barafu. Inaleta uso mwekundu, kichwa kugonga, mwili kuwasha, ukali wa pilipili mu mdomo, haraka sana nyuma ya kula, na mara nyingi inapita ndani ya siku moja. Tena haigawanyike sawasawa. Samaki moja inaweza kuwa nayo nyingi, ya pembeni yake karibu hakuna.

Niliposoma ile sentensi ya mwisho nilifunga kitabu. Samaki za pembeni ya tofali zilikaa mu joto masaa 16 hivi. Za katikati ziliyeyuka ile saa moja ya mwisho. Kwa hiyo tisa wakagonjwa na wengine hapana. Alama yenye jamaa waliita ushahidi wa sumu ilikuwa umbo la kartoni.

Siku ya Pili nilienda ku kikao. Wakubwa wakazungumza kwanza, namna inavyofaa. Mama mukubwa alisema hana chuki na yule binti, lakini nyumba haiwezi kula na mashaka. Yaya aliangalia chini. Shemeji hakuwepo, hakuitwa, na hiyo pia tuiandike mu historia yetu. Niliomba ruhusa nikasema: "Bazazi, samaki niliyeyusha miye. Usiku muzima ku barza. Na dokta aliniuliza, nikamudanganya." Nikaeleza histamini, nikachora kartoni ku karatasi. Baba mudogo hakuangalia mchoro. Aliuliza tu: "Siku tatu ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Mahari haikurudishwa. Lakini niliagizwa kwenda kwao na shemeji, na kuku moja, kuomba musamaha mbele ya wazazi wake, kwa mdomo wangu, bila kutumia neno histamini.

Bandugu wengine mutaniuliza: basi tufanye namna gani, moto haiko, wageni wako njiani? Nitasema yale nilijifunza. Kama frigo inafanya kazi, njia nzuri ni kuweka mule siku moja mbele, na sahani chini ya nyama ili maji yake yasianguke ku vyakula vingine. Lakini sisi tunazungumza juu ya haraka. Haraka, ndugu yako ni maji baridi, si moto. Watu hawaamini hii, juu inaonekana kinyume. Maji, hata baridi ya bomba, yanapeleka joto ku nyama mbio sana kuliko hewa ya barza, na wakati ule yanazuia ngozi ya nje isipande. Funga nyama mu sashe isiyotoboka, izamishe yote mu maji, ukamate saa, ubadilishe maji kila dakika 30. Nusu kilo inayeyuka mu saa moja hivi, ama chini. Kuku muzima wa kilo moja na nusu, masaa mawili mpaka matatu. Sashe ni lazima zaidi kwetu wenye kutumia maji ya kisima. Ikimaliza kuyeyuka, ipikwe saa ileile, haingojei.

Na tofali la kartoni? Usiliyeyushe zima. Mimina maji baridi ku pembeni, samaki za nje zikiachia tu uzitoe na kuzipeleka ku mbabula ao mahali pa baridi, kisha rudia. Inachosha mikono, lakini hakuna samaki inangojea ndugu zake mu joto. Ama usiyeyushe kabisa: tia vipande vilivyoganda mu sufuria ya mchuzi, uhesabu nusu ya muda zaidi ya kawaida, na uangalie kwamba katikati imeiva. Hiyo si kwa kukaanga, mafuta ya moto na barafu zitakuunguza uso. Mashini ya mawimbi, ambayo Percy Spencer aliitoa mu kazi za rada mwaka 1945, inayeyusha mbio, lakini inaanza kupika pembeni, kwa hiyo ukitoka pale unapika moja kwa moja. Kwetu inafanya kazi ile siku moto iko, basi siisemi zaidi.

Ndoa ilifanyika. Si mwisho wa mwaka, ilisogezwa mpaka mwezi wa nne, na shemeji ndjo aliomba isogezwe. Mwaka huu, mbele ya ubatizo wa mutoto wao, aliniita asubuhi mapema. Kartoni ilikuwa chini, imefika ile saa, bado inatoa moshi wa baridi. Mabeseni mawili ya maji. "Shemeji, kaa hapa," alisema, akaweka saa yake ya mkono ku kibaraza mbele yangu. Nilianza kutoa samaki moja moja. Yeye alivuta kiti, akakaa karibu, akachambua sombe, na kila nusu saa, mbele sijafungua mdomo, alikuwa ananiambia nibadilishe maji.